Thomson au Thompson? Huyu wa swala tomi ni nani, na ile P ilitoka wapi?

Dereva wa Ndutu:

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo.

Mimi ni dereva mwongoza watalii huku kaskazini, mwaka wa 11 sasa. Napakia wageni Arusha asubuhi, nawashusha Seronera au Ndutu jioni wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Msimu huu nilijitengenezea karatasi ya wanyama. Upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kiingereza: nyumbu, pofu, kongoni, nyamera, swala pala, swala granti, swala tomi. Nilichapisha nakala 40 kwa hela yangu, nikazipiga plastiki ngumu zisilowe. Mgeni akiingia garini anapewa yake na kalamu, akiona mnyama anaweka tiki. Nilijiona nimemaliza.

Wiki mbili zilizopita nikampakia bibi mmoja wa Kiskoti, mwalimu mstaafu, miaka sabini na kitu, yuko na mjukuu wake wa kiume. Tumetoka geti la Naabi, hatujafika hata kilomita tano, naguswa bega. "Hapa pana kosa." Kidole kimekaa juu ya neno Thompson. Anasema swala huyu ni wa Thomson, hana P. Nikamwambia mama, iwepo isiwepo, swala ni yuleyule: mstari mweusi ubavuni, kimkia hakitulii. Bibi akafungua mkoba, akatoa pasipoti, akaniwekea mbele ya usukani. Jina lake la ukoo: Thomson. Akasema maisha yake yote, barua za benki, kadi za mialiko, hata kwenye keki ya kustaafu, watu wanamtia P asiyoiomba. Leo kapanda ndege mbili mpaka Serengeti, anaikuta imemtangulia.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Basi siku tatu nzima, kila tukiona tomi, yule mjukuu anapiga kelele kutoka juu ya gari: "Hana P!" Na mnajua Ndutu ya Machi ilivyo, tomi ni kama kuku uani. Mpaka madereva wenzangu wameanza kuniita Hana P kwenye redio.

Tipu alitoa nzuri, sina ugomvi naye. Ila nimebaki na maswali na aibu kidogo, maana miaka 11 nimekuwa nikitaja jina la mtu bila kumjua.

Moja, huyu Thomson alikuwa nani? Mbili, ndiye yule J. J. Thomson tuliyemkariri kwenye kemia, au ni ndugu yake? Tatu, mzee wangu nyumbani ana stori za mwanamichezo anaitwa Daley Thompson, naye ni wa humohumo? Kwetu Uchagani ukinitajia ukoo najua nianze kuuliza upande gani wa mlima. Wenzetu hawa jina moja ni ukoo mmoja? Na P ilitoka wapi?

Sitaki mtu aniambie niulize kompyuta. Nataka watu.

Mama Kulwa, Glasgow:

Marahaba Dereva.

Niko Glasgow mwaka wa 19, kwetu Shinyanga. Nasafisha ofisi alfajiri, saa mbili na nusu nimemaliza, narudi nyumbani kwa miguu nikikatisha bustani ya Kelvingrove. Humo kuna mzee wa shaba amekaa kwenye kiti, amevaa joho, mara nyingi ana njiwa kichwani. Miaka mitatu nilimpita bila kumjali. Kwenye jiwe pameandikwa Kelvin. Kumbe naye ni Thomson! Nitamrudia, ngoja nianze na jina lenyewe, maana hili lilinigusa kama mzazi.

Fungua Injili ya Yohana, utamkuta Tomaso aitwaye Pacha. Si jina la utani, ndiyo maana yenyewe: Tomaso ni neno la Kiaramu, na maana yake pacha. Mimi wanangu ni Kulwa na Doto, kwa hiyo nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu kwenye basi. Thomson ni mwana wa Tom, Tom ni Thomas, Thomas ni pacha. Ukilitafsiri mpaka chini unapata Bin Kulwa. Bibi yako wa pasipoti ni Binti Kulwa, mwambie akirudi.

Sasa kwa nini wako wengi. Kabla Wanormani hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, jina Thomas halikuwa la watoto wa mtaani, lilikuwa la watu wa kanisani. Baadaye, tarehe 29 Desemba 1170, mashujaa wanne wa mfalme wakaingia kwenye kanisa kuu la Canterbury wakamuua Askofu Mkuu Thomas Becket humohumo ndani. Miaka mitatu haikuisha vizuri, akatangazwa mtakatifu. Mahujaji wakamiminika, na kila aliyerudi nyumbani akamkuta mkewe mjamzito, mtoto akawa Tom. Kina Tom wakajaa, watoto wao wakajaa zaidi, na kila kijiji kikawa na mwana wa Tom wake.

Mwanzoni jina lilikuwa linasogea kama letu. Tom akimzaa John, huyo ni John Thomson. John akimzaa William, huyo ni William Johnson. Ni sawa na Juma Salum kumzaa Hamisi Juma. Halafu taratibu, kwa kodi na hati za mashamba, majina yakaganda: mtoto akabeba la baba, mjukuu lilelile, hata kama kwenye nyumba hakuna Tom tena. England yaliganda mapema, milimani Uskoti yalichelewa sana. Kwa hiyo jibu la swali lako la ukoo ni hapana. Kusema kina Thomson wote ni ndugu ni sawa na kusema kina Juma wote wamezaliwa nyumba moja.

Na P? Fanya hivi, uko peke yako garini hakuna atakayekuona. Sema Tom-son, polepole. Kwenye m midomo imefungwa. Sasa unaitaka s. Ukifungua midomo ukawahi kidogo, panachomoka kitu kama p. Hujakikusudia, kimetoka chenyewe. Makarani wa zamani waliandika walichosikia. Simpson ndivyo ilivyopata yake, ni mwana wa Sim, yaani Simon. Sampson pia, ni Samson tu. Waskoti wengi walibaki bila P, Waingereza, hasa wa kaskazini, wakaibeba. Si sheria, hapa kazini nina msimamizi Mskoti mwenye P na anaipenda. Wako hata wanaoandika Tomson bila h, maana ile h ni urembo tu, haitamkwi. Na Mskoti wa Kigaeli akisema MacTavish, ni mwana wa Tammas, kwa hiyo ni yuleyule kavaa kanzu nyingine.

Sasa mzee wangu wa shaba. William Thomson, alizaliwa Belfast 1824, akawa profesa hapa Glasgow akiwa na miaka 22 tu, akakaa kwenye kiti hicho miaka 53. Ndiye aliyesaidia waya wa simu ya maandishi kupita chini ya bahari ya Atlantiki. Ule wa 1858 ulikufa baada ya wiki chache, wa 1866 ukashika, naye akapewa heshima ya kuitwa Sir. Mwaka 1892 wakampandisha awe Lodi, na Lodi lazima awe Lodi wa kitu, basi akachukua jina la mto unaopita chini ya chuo: Kelvin. Mto wenyewe mdogo Dereva! Mtu wa Dar akiuona kiangazi ataulizia Msimbazi umefikaje huku. Lakini leo baridi ya mwisho kabisa duniani, nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi, ndiyo sifuri ya Kelvin. Nenda kwenye duka la spea ukanunue balbu za taa za mbele, boksi limeandikwa 6000K. Hiyo K ni mto ninaouvuka kila asubuhi. Angeng'ang'ania jina la baba yake, mngekuwa mnaomba balbu za thomsoni elfu sita.

Alikosea pia, na makosa yake yalikuwa ya saizi yake. Alipiga hesabu ya umri wa dunia akapata miaka milioni 20 mpaka 40 hivi, akawasumbua sana wanajiolojia kwa hesabu hiyo. Dunia ina zaidi ya bilioni nne na nusu.

Wa swala wako ni mwingine kabisa. Naye ni wa huku Uskoti, kusini, Penpont, mtoto wa fundi mawe. Wenye njia zake ni ninyi wa huko, waseme.

Mpita Njia:

Kwa hiyo Simpson ni mwana wa Simu. Basi watoto wangu wote watatu ni kina Simpson.

Wa T-Falls:

Salamu kutoka Nyahururu, baridi tu.

Mama Kulwa ametuita, acha nije. Huu mji wetu wakati wa mkoloni uliitwa Thomson's Falls, na wazee mpaka leo wakiwa kwenye matatu wanasema wanashuka T-Falls. Maporomoko yenyewe yako hapo, mto Ewaso Narok unaanguka zaidi ya mita 70. Kama umevaa koti jepesi, manyunyu yatakufuata hadi juu kwenye vibanda vya vinyago. Ubao wa kibanda kimoja una P, cha pili hauna. Nimewahi kuwauliza, kila mmoja anasema ni mwenzake aliyekosea.

Huyu wa swala ni Joseph Thomson, alizaliwa 1858. Alisomea jiolojia Edinburgh, akaajiriwa na Shirika la Kifalme la Jiografia la London awe msaidizi wa Keith Johnston kwenye safari ya kutoka pwani ya Dar es Salaam kwenda maziwa makuu. Mwaka 1879, hata hawajafika mbali, Johnston akafa kwa kuhara damu kule Behobeho, ndani ya ile hifadhi mnayoiita Nyerere sasa. Kijana ana miaka 21, mkubwa wake amezikwa, watu wanamtazama. Akaendelea, akafika Nyasa, akafika Tanganyika.

Lakini tuseme ukweli wote. Mkuu wa msafara ule alikuwa Chuma, yuleyule ambaye pamoja na Susi na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone mpaka Bagamoyo. Chuma aliijua njia, aliwajua wapagazi, alijua mahongo, ile kodi ya kupita kwenye nchi za watu, yanalipwaje. Thomson alikuwa na akili ya kumsikiliza, na hilo ndilo namsifia zaidi ya ushujaa.

1883 akatumwa kutoka Mombasa apite Umaasaini mpaka ziwa Victoria, njia ambayo misafara mingi ya Wazungu iliikwepa. Mjerumani Fischer alikuwa amemtangulia kidogo tu. Thomson alipitia Taveta, Ngong, Naivasha, akapanda huku Laikipia. Milima hii ya Nyandarua ndiye aliyeipa jina Aberdare, kumfurahisha Lodi aliyekuwa mwenyekiti wa shirika lililomtuma. Bosi wako akilipa nauli, utaupata mlima.

Kitu kinachowachekesha watu hapa ni meno. Thomson alikuwa na meno mawili ya bandia. Morani wakimzunguka, anayatoa, anawaonyesha, anayarudisha. Halafu anatia Eno kwenye maji, povu linapanda. Eno ni hii hii inayouzwa kioski kwa mtu aliyekula githeri usiku. Wakamchukulia kama laiboni, yaani mganga wa Kimaasai, ila mweupe. Yeye mwenyewe aliyaandika hayo kwenye kitabu chake cha 1885, na unaona alivyojipenda katika hadithi hiyo. Mimi huwa najiuliza morani walikuwa wanacheka nini jioni wakirudi manyatta.

Nyati naye hakuona laiboni. Thomson alimpiga risasi, akamsogelea akidhani amekwisha, nyati akainuka akamrusha hewani. Alipona. Kisha akashikwa na kuhara damu njiani, kukamlaza wiki kadhaa. Alikufa London 1895, hakufikisha hata 40.

Na Dereva, yeye hakujibandika kwenye swala. Vielelezo vilifika London, na mwaka 1884 Albert Günther wa jumba la makumbusho akamwandika swala kwa Kilatini: thomsonii. Hapo ndipo bibi yako anaposhinda kesi. Wanasayansi wameshambadilishia swala jina la kwanza, zamani Gazella, siku hizi Eudorcas, lakini thomsonii imebaki, na haina P.

Linaloniuma ni moja. Kwenye safari ile ya Umaasaini, aliyemwokoa sana ni Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani ambaye nchi ile alikuwa ameshaizoea. Swala wa Kimameta hayupo. Hata kunguru.

Mwalimu wa Zamu, Morogoro:

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na swali la pili ni langu.

J. J. Thomson si ndugu wa yule wa swala, ila wamepishana kidogo sana kwa umri. Joseph John, alizaliwa Manchester mwishoni mwa 1856. Ndiyo, naye ni Joseph, kwa hiyo Dereva hukuwa mjinga kuwachanganya. Huyu hakuwahi kukanyaga Umaasaini. Nyika yake ilikuwa mrija wa kioo.

Mwaka 1897, kwenye maabara ya Cavendish pale Cambridge, alichukua mrija uliotolewa hewa, akapitisha umeme, akatazama ule mwanga unaotoka kwenye ncha hasi. Akauwekea sumaku, ukapinda. Akauwekea bamba zenye umeme, ukapinda. Kwa kupima kupinda kule akagundua ni vipande vidogo vyenye chaji hasi, vyepesi kuliko atomu ya hidrojeni zaidi ya mara elfu moja. Hizo ndizo elektroni. Mpaka hapo atomu ilikuwa kitu kisichovunjika.

Wanafunzi wangu huwa nawapa mfano wa mkate wa mchele wa Zanzibar uliotiwa zabibu: mkate ni chaji chanya, zabibu ni elektroni. Hivyo ndivyo J. J. alivyodhani atomu ilivyo. Mfano ule ulivunjwa 1911 na Rutherford, ambaye alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe. Siku hiyo darasani huwa naleta mkate kweli, na huwa haufiki mwisho wa kipindi.

Jambo ambalo vitabu vyetu havisemi: J. J. alikuwa na mikono mizito. Mirija ile alipuliziwa na kutengenezewa na fundi wake, Ebenezer Everett, na watu wa maabara walipendelea profesa asiviguse vyombo. Akisogea mezani, roho zinawapanda juu. Nina mwanafunzi wa hivyo mwaka huu. Bikari tatu zimekwenda.

Alipata Tuzo ya Nobel 1906. Sasa sikilizeni: mwanawe, George Paget Thomson, akaipata 1937. Baba alipewa kwa kazi iliyofungua njia ya kuijua elektroni kama kipande. Mwana alipewa kwa kuonyesha kwamba elektroni hiyohiyo inatenda kama wimbi. Wote wawili walikuwa sahihi, na J. J. alikuwa hai kuliona hilo, alifariki 1940. Amezikwa Westminster Abbey, karibu na Newton, na mzee wa njiwa wa Mama Kulwa yuko humohumo.

Na kwa kuwa wewe ni dereva, kuna wa tatu unayepaswa kumjua kuliko wote hawa. Robert William Thomson, mtu wa Stonehaven, Uskoti. Mwaka 1845, ana miaka 23, alisajili uvumbuzi wa tairi la upepo: mpira mwembamba ndani, ngozi nje, hewa katikati. Akayafunga kwenye magari ya farasi, seti moja ikatembea maili 1,200. Mpira wakati huo ulikuwa ghali, baiskeli za maana hazijaja, watu wakasahau. Dunlop akaja kulibuni upya 1888 akiwa Belfast, akasajili, kisha akaambiwa samahani mzee, kuna mwenzako alikuwahi kwa zaidi ya miaka 40. Lakini dukani unamkuta nani? Dunlop. Siku ukipata pancha Olduvai jua linazama, unajua umlaumu nani kwa usahihi.

Mzee wa Redio ya Mbao:

Marahaba vijana. Namjibia baba yake Dereva.

Daley Thompson, huyu ana P. Aliruka, alikimbia, alirusha, michezo kumi kwa siku mbili, akachukua dhahabu Moscow 1980 na Los Angeles 1984. Sisi Moscow tunaikumbuka kwa sababu nyingine. Kenya na wengine wengi hawakwenda, sisi tulikwenda, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na fedha mbili. Nilikuwa na redio ya mbao ya mjomba, betri tunazianika juani. Baba yako hakuwa anamfuata Thompson, alikuwa anawasubiri Bayi na Nyambui, Thompson akamkuta hapo hapo redioni.

Huyo kijana mama yake ni Mskoti, baba Mnaijeria. Jina lake refu ni Francis Morgan Ayodele Thompson. Ayodele wakalikata likawa Dele, wazungu wakalisikia Daley. Kwa hiyo dunia nzima inamwita Myoruba bila kujua, na lile la ukoo ndilo la Kizungu. 1984 alisimama jukwaani wimbo wa taifa lake unapigwa, yeye anapiga mluzi. Waingereza wengine walinuna. Mimi nilimpenda hapo.

Mama Kulwa, Glasgow:

Mzee shikamoo. Hiyo ya mluzi umenikumbusha mbali.

Nimeongea na msimamizi wangu mwenye P leo asubuhi tukisubiri lifti. Nikamweleza habari za Dereva. Akaanza kunihesabia wa upande wake kama mtu anayepanga timu: Emma Thompson, mwigizaji, aliyepata Oscar ya kuigiza na nyingine ya kuandika, na mpaka leo hakuna mwingine aliyezipata zote mbili. David Thompson, mtoto maskini wa London aliyeichora Kanada kwa miguu na mtumbwi, mto Thompson wa kule ni jina lake. Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani, aliyetazama mizinga ikitobolewa kiwandani Munich akashangaa joto haliishi, akajua joto si kimiminika kinachokaa ndani ya kitu.

Nikamwambia sawa, na mimi nina Roy Thomson, mzaliwa wa Toronto, mtoto wa kinyozi, aliyelinunua gazeti la The Times 1966. Na James Thomson, mshairi, aliyeandika maneno ya ule wimbo wao wa 1740, Rule, Britannia!, unaosema Mwingereza hatakuwa mtumwa kamwe. Mwaka ambao meli zao zilikuwa zinabeba watumwa kuvuka bahari, na jiji lenu hili lilijengwa kwa tumbaku na sukari yao. Hapo lifti ikafika, hatukuendelea.

Dereva, umerekebisha karatasi?

Dereva wa Ndutu:

Wakubwa, sina la kulipa. Mwalimu, juzi nimepata pancha kweli, si Olduvai, ni karibu na Makao, tairi la nyuma kushoto. Wageni wananiangalia, mimi nimeinama na jeki nawasimulia habari za Robert William wa Stonehaven. Wamefurahi kuliko simba wa asubuhi. Mmoja ameniuliza kama stori hiyo ni sehemu ya safari.

Karatasi: nilijaribu kuifuta P kwa wembe, plastiki ikachanika. Nikajaribu kalamu nyeusi nene, ikawa kama tomi ana siri. Mwisho nikaamua kuchapisha upya zote 40. Nikamwandikia kijana wa steshenari kwa mkono wangu, herufi kubwa, nikamsisitiza mara tatu: hakuna P. Sikia, hakuna P. Akasema bosi usijali.

Nimezifuata leo jioni, zimeshapigwa plastiki tayari, zimefungwa kwa mpira mafungu manne ya kumi kumi. P kweli hakuna. Kaondoa na h.

Tomson.

Nimesimama pale kaunta nimekumbuka maneno ya Mama Kulwa, kwamba wapo wanaoandika hivyo. Nimelipa, nimeziweka kwenye dashibodi. Kesho saa kumi na mbili napakia familia ya watu watano kutoka Leeds, na kwenye orodha ya ofisi jina la ukoo ni Thompson.